Njia ya Kwenda Pwani: Kuirudia The Dragonfly Sea

Mwanzoni mwa The Dragonfly Sea (2019), riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, tunamkuta Ayaana, mtoto wa miaka saba kisiwani Pate. Hana baba, na watu wanamtenga. Lakini anajificha mikokoni akitazama vyombo vinavyoingia, na hakuna anayemuuliza kapitia wapi.

Niliposoma mara ya kwanza, hilo lilinipita. Nililiona mwaka jana, nilipomsindikiza nyanya yangu kutafuta pweza. Njia aliyoipita tangu hajaolewa sasa ina geti. "Nyanya, hapa hapapitwi," askari akasema, kwa adabu kabisa. Tukazunguka. Tulipofika, maji yalikuwa yameshaanza kujaa, na siku ya nyanya ikawa imeishia hapo.

Ukienda kwa sheria, mchanga ule ni wetu. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ya umma, serikali ya kitaifa ikiishikilia kwa niaba ya wananchi. Vizuri sana. Ila kipengele hicho hakitaji njia ya kufika huko. Wala hakisemi ni kujaa kupi: kwa bamvua au kwa maji mafu? Mvuvi yeyote angeanza na swali hilo.

Hapo ndipo Owuor anaishinda sheria. Kwake, nyumba, uchochoro, mikoko na maji ni mahali pamoja; mtoto asiye na chochote anavipita vyote kwa miguu yake. Kinyongo changu ni kimoja: hadithi inapohamia Uchina, ufuo wa Pate unageuka kuwa kitu cha kukumbukwa, na kumbukumbu haiwekewi geti. Bado nangoja riwaya itakayosimama pale getini, na nyanya na ndoo yake.

Maana neno lenyewe pwani limetokana na kupwa: mahali maji yanapopwa. Yaani sisi Wapwani tumepata jina kwenye kile kile kipande alichozuiwa nyanya kukifikia.

Zisome kurasa za mwanzo, basi. Halafu toka ukaangalie kama njia ya pwani ya mtaani kwenu bado ipo.