Msikilize Anayeuliza

Mahojiano ya redio na mwandishi wa vitabu hupimwa kwa muulizaji. Mgeni ataongea vizuri tu. Kuongea ndiko kulikomtoa nyumbani. Mwandishi wa Marekani akitoa riwaya mpya, mchapishaji wake humzungusha mji hadi mji, kituo hadi kituo, na ikifika wiki ya pili majibu yake yameshaiva: kisa cha bibi yake, mzaha kuhusu mhariri, sentensi ya mwisho yenye huzuni kidogo. Hayo utayasikia popote anapopita. Kinachotenga kipindi kizuri na cha kawaida ni yule aliyeketi upande wa pili wa meza, na kama kweli amekisoma kitabu.

Nazungumzia hasa vipindi vya vitabu vya redio za umma za majimboni huko Marekani, ambavyo siku hizi mtu wa Tanga au Mombasa anavisikiliza kwenye simu yake kama jirani wa kituo. Neno "umma" lisikuchanganye ikiwa umekulia TBC au KBC. Vituo hivi si vya serikali kuu. Sheria ya mwaka 1967 iliunda shirika la kugawia redio na televisheni za umma fedha, lakini kila kituo kinajiendesha na kutegemea sana michango ya wasikilizaji, na tangu Bunge la Marekani lifute dola bilioni 1.1 za ruzuku hiyo Julai 2025, kutegemea huko kumezidi. Faida yake kwa msikilizaji wa vitabu ni moja: hakuna tangazo la sabuni litakalokatiza mazungumzo riwaya inapoanza kufunguka.

Viwili ninavyovirudia ni The Book Show ya WAMC, kituo cha Albany, jimbo la New York, kinachosikika katika sehemu za majimbo saba ya kaskazini mashariki, na Bookworm ya KCRW, kituo cha chuo cha Santa Monica, California. Cha kwanza huendeshwa na Joe Donahue. Cha pili kiliendeshwa na Michael Silverblatt tangu 1989 hadi kilipofungwa 2022. Vyote ni vya nusu saa, na kwa tabia vinatofautiana kabisa.

Anza na swali lenyewe. Jiulize: je, mtu aliyesoma maelezo ya jalada la nyuma peke yake angeweza kuliuliza? Kama angeweza, hesabu hilo ni swali la kupitisha muda. Wachapishaji wengi hutuma kitabu pamoja na karatasi ya maswali yaliyopendekezwa, na mtangazaji mvivu huyasoma kama yalivyo. Utayatambua kwa sababu jibu huja haraka mno, halijasita popote, na lina mwanzo, kati na mwisho.

Mfano wa kinyume chake, ambao wapenzi wa fani hii hawachoki kuutaja, ni wa mwaka 1996, David Foster Wallace alipofika Bookworm na riwaya yake Infinite Jest, kitabu cha kurasa zaidi ya elfu. Silverblatt hakuuliza kinahusu nini. Alisema, kwa kusitasita, kwamba alipokuwa akisoma aliona kama kitabu kimejengwa kwa umbo linalojirudia ndani yake, kubwa likibeba dogo la sura ileile. Wallace akakiri kwamba ndivyo: muundo wa rasimu aliyompa mhariri wake ulifuata pembetatu ya Sierpinski, ile ambayo ndani yake mna pembetatu, na ndani ya hizo mna nyingine. Kisha akaongeza jambo ambalo hakulazimika kulisema, kwamba baada ya mhariri kupunguza kurasa huenda pembetatu hiyo imekaa upande. Hapo msikilizaji anapata kitu ambacho kitabu hakimpi na jalada halikijui. Kimepatikana kwa sababu mtu alisoma zaidi ya kurasa elfu na akathubutu kusema alichokiona, hata kama angeambiwa amekosea.

Lakini Silverblatt huyohuyo anakuonyesha hatari ya upande wa pili. Alizoea kusoma kazi zote za mgeni, si kitabu kipya tu, na kuna siku elimu hiyo ilifurika. Swali linageuka mhadhara, mgeni anabaki kusema ndiyo, umeniona sawasawa, na dakika mbili zimekwenda. Kipimo changu ni hiki: swali refu limefaa iwapo jibu limekuwa refu zaidi yake. Likiwa fupi kuliko swali, mwenyeji ameila karamu aliyomwandalia mgeni.

Donahue ni mwingine. Maswali yake ni mafupi, ya kiungwana, karibu ya mtu mnayekutana naye barazani. Ukisikia kwa haraka utadhani hajajiandaa. Msikilize tena. Swali jepesi linakuja pale jibu lililotangulia lilipoacha mlango wazi, na hilo haliwezekani kwa mtu anayetazama karatasi. Huu ndio ustadi mgumu zaidi kuusikia, kwani ukifanikiwa hauonekani. Njia ya kuupima ni kuhesabu maswali ambayo yasingeweza kuandikwa kabla mgeni hajaketi. Mawili katika nusu saa ni kazi nzuri. Matano ni nadra.

Yapo maswali ambayo ningeyapiga marufuku, walau kwa mwaka mmoja. Unaamka saa ngapi kuandika? Unatumia kalamu au kompyuta? Na lile baba lao: je, mhusika huyu ni wewe mwenyewe? La mwisho lina msamaha pale tu linapofuata ukurasa fulani uliotajwa, ambapo mwandishi mwenyewe amechezea mpaka kati ya maisha yake na hadithi.

Swali si lazima liwe na maneno. Studs Terkel, aliyerusha kipindi chake WFMT ya Chicago kwa miaka 45 hadi 1997, alimpokea mwandishi James Baldwin mwaka 1961 kwa kupiga sahani ya Bessie Smith. Baldwin alikuwa amekwenda na sahani za mwimbaji huyo Uswisi, na huko, akizisikiliza mbali na kwao, ndiko alikomalizia riwaya yake ya kwanza, Go Tell It on the Mountain. Hakuhitaji kuulizwa ulijifunzaje kuandika. Sauti ya Bessie Smith ilipozima, akaanza kueleza. Terkel huyohuyo alisifika pia kwa kushindwana na mashine yake ya kurekodia, na alisema jambo hilo lilimsaidia, maana mtu anayekusaidia kubonyeza kitufe hakuogopi tena.

Kisha kuna suala la mahali. Kituo cha jimboni kina kitu ambacho studio kubwa za New York haziwezi kununua: wasikilizaji wanaozijua barabara zilizomo kitabuni. William Kennedy, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1984 kwa Ironweed, ameandika mfululizo mzima wa riwaya kuhusu Albany. Russell Banks aliishi miaka mingi Keene, katika milima ya Adirondack, na milima hiyo imo vitabuni mwake. Mwenyeji wa Albany akizungumza na waandishi wa aina hii hana haki ya kuuliza maswali ya mgeni wa jiji. Akiuliza "tueleze kidogo kuhusu mji huu", ametupa mtaji wake wote.

Sikiliza pia mkasi wa mhariri. Mahojiano mengi hurekodiwa kabla na kupunguzwa. Pumzi inayokatika nusu, au sentensi inayoshuka kana kwamba imekwisha na mara sauti inapanda, ni alama za mahali palipounganishwa. Kupunguza si kosa. Kosa ni kuondoa kila kusita na kila "hapana, ngoja", kwa sababu humo ndimo fikra inamofanyika. Hapa sikio la Mswahili linahitaji subira ya ziada. Sisi tumezoea mwitikio: msimulizi asipopata "ehee" au "naam" anadhani amesahauliwa. Watangazaji hawa wamefundishwa kuitikia kwa kichwa tu, wakinyamaza ili sauti ya mgeni isiingiliwe. Ukimya huo usiuhesabu kama ubaridi. Upime kwa kitu kingine: je, mwenyeji aliuacha ukimya uendelee sekunde moja zaidi baada ya jibu, na je, mgeni aliujaza?

Kuhusu ukosoaji, usitarajie mengi. Vipindi hivi huwaalika waandishi ambao mwenyeji amewapenda, na muda ni mdogo kuupoteza kwa kitabu kibaya. Kwa hiyo sifa zitakuwapo. Tenga sifa tupu na sifa yenye kazi. "Kitabu kizuri ajabu" ni salamu. Anayesema kwamba sura ya saba inamwacha mhusika njiani bila maelezo, na kwamba alikasirika mpaka alipofika sura ya kumi na moja, amesifu na ameuliza kwa wakati mmoja.

Anayetaka kujizoeza achague mwandishi mmoja aliyemsoma vizuri, atafute mahojiano yake mawili ya msimu uleule wa kitabu kilekile katika vituo viwili tofauti, ayasikilize siku moja. Majibu yanayofanana neno kwa neno yaweke kando. Yaliyobaki, rudi nyuma kidogo usikie ni swali gani liliyazaa.