Kishimo cha Fataki: Jinsi Ganda la Risasi Linavyoandaliwa Kujazwa Upya

Katikati ya kitako cha ganda la risasi kuna kishimo cha duara ambamo hukaa fataki, yaani kikombe kidogo cha kemikali kinachowasha baruti. Kwa fataki ndogo kishimo hicho kina upana wa milimita 4.45 hivi, na kwa fataki kubwa milimita 5.33. Sakafu yake ina tundu la kupitishia moto kwenda kwenye baruti, lenye kipenyo cha takriban milimita 2. Mnamo 1866 Edward Boxer wa Uingereza na Hiram Berdan wa Marekani walisajili kila mmoja mfumo wake. Berdan aliweka fuawe, yaani kipande ambacho kemikali za fataki hupondwa juu yake, kwenye ganda lenyewe, na vitundu viwili pembeni yake. Boxer alilitia fuawe ndani ya fataki na kuacha tundu moja katikati. Ajabu ni kwamba Wamarekani walishika mfumo wa Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikashika ule wa Mmarekani. Tundu la katikati ndilo lililoeneza desturi ya kujaza risasi nyumbani huko Marekani, kwa kuwa pini moja nyembamba ikiingizwa kwa mdomo wa ganda huisukuma nje fataki iliyotumika.

Fataki huwaka pale pini ya bunduki inapobonyeza kikombe chake na kuuponda mchanganyiko ulio kati ya kikombe na fuawe. Ili upondeke, miguu ya fuawe lazima iwe imesimama juu ya sakafu ya kishimo. Ikiwa chini yake kuna tabaka la masizi, nguvu ya pigo huishia kuisogeza fataki mbele na risasi hailii. Mara nyingi hulia kwa pigo la pili, maana la kwanza limekwisha kuikalisha mahali pake.

Masizi hayo ni mabaki magumu ya kemikali za fataki, ambazo kwa kawaida huwa na misombo ya madini ya risasi, bariamu na antimoni. Hukwanguliwa kwa brashi ya waya au kisu kidogo cha duara kinachozungushwa kwa mkono. Wengine huyazungusha maganda katika pipa la maji, sabuni na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, njia inayong'arisha hata pembe za kishimo. Kwa vyovyote vile, vumbi na maji machafu vina sumu ya madini ya risasi: kazi haifanywi mezani pa chakula, na mikono huoshwa. Mng'ao wenyewe una faida ndogo. Wafyatuaji wengi wa bastola za mazoezi hawasafishi kishimo hata kidogo na hawapati hasara inayoonekana. Kinachostahili jasho ni sakafu iliyo bapa na kina kilicho sawa.

Maganda ya kijeshi, kama yale ya kiwanda cha Lake City huko Missouri, yana kazi ya ziada. Ukingo wa kishimo chake hufinywa kiwandani ili fataki isichomoke katika silaha za kasi. Fataki ya kwanza ikishatolewa, mfinyo hubaki, na fataki mpya huingia upande upande au hupondeka. Mfinyo huondolewa kwa njia mbili: kuukata kwa kekee yenye ncha pana, au kuisukuma shaba irudi nyuma kwa chuma kigumu chenye umbo la kishimo. Njia ya pili ni bora kwa mkono usio na uzoefu, kwa sababu haipunguzi shaba. Kekee ikizidi kidogo tu, ukingo hubaki mpana na ganda limeharibika.

Wanaoshindana kwa shabaha ya mbali huongeza hatua mbili. Huikwangua sakafu kwa kifaa chenye kikomo ili vishimo vyote viwe na kina kimoja, kisha huondoa kwa ndani ya ganda makapi ya shaba yaliyoachwa na mashine ilipotoboa tundu la moto. Ni kazi ya mara moja kwa kila ganda. Kwa risasi za kawaida haihitajiki.

Fataki mpya hukalishwa mpaka iwe chini ya uso wa kitako kwa milimita 0.08 hadi 0.13. Kidole kinachopitishwa juu yake kinatosha kutambua iliyochomoza. Katika bunduki kama M1 Garand, ambayo pini yake huelea huru bila springi, fataki iliyochomoza inaweza kulipuka bolti inapojifunga, kabla kifyatulio hakijaguswa. Nayo fataki inayoingia bila kukaza inaonyesha kwamba kishimo kimetanuka kwa mashinikizo ya awali. Itavujisha gesi ya moto usoni mwa bolti, hivyo ganda hilo hupondwa kwa koleo na kutupwa kwenye chuma chakavu.