Mukubwa Akitukana Kabila, Redio Ifanye Nini?



Hapa Nyamianda redio haisikilizwi na mutu mumoja. Mutu akiifungua asubuhi, jirani yake anaisikia, na wamama wanaoshuka ziwani kununua ndagala wanaisikia pia. Hivi neno la mukubwa linafika sokoni mbele yeye mwenyewe hajamaliza chai yake. Tunataka basi kusema kidogo juu ya kazi ya watangazaji na waandishi wa magazeti, wakati mukubwa wa inchi anaposimama na kutukana kabila zima.

Siku moja tulikuwa mezani, redio inatoa habari za mangaribi. Mukubwa mumoja alikuwa amefanya mukutano, na mutangazaji akatupa maneno yake yote namna yalivyotoka kinywani: kama watu wa kabila fulani si watu wa inchi hii, kama ni nyoka, kama warudi kwao. Kisha akaingia katika habari za mupira. Kati yetu alikuwa mwenzetu mumoja aliyezaliwa kule juu, Minembwe. Aliweka kijiko chini. Hakuna aliyesema neno, hata sisi tunaoandika ukurasa huu.

Mutangazaji yule, ukimuuliza, atakujibu: «Mimi nilisema tu yale aliyoyasema.» Ni kweli, hakudanganya. Lakini musikilizaji alipata nini? Alipata tusi, tena tusi lililopewa heshima ya saa moja ya usiku. Hakuelezwa kama jambo lile ni kweli ao ni uongo. Mukubwa akisema kama kabila hili lilifika jana, je, ni kazi kubwa kumukumbusha musikilizaji kama wanahistoria wanawakuta Banyamulenge huko Mulenge tangu karne ya 19, mbele ya Wabelgiji kushika inchi? Akisema kama wafukuzwe kwa sababu ya kabila lao, je, ni siri kama tangu tarehe 7 mwezi wa 6, 1966, inchi yetu ina sheria inayoazibu ubaguzi wa rangi na wa kabila? Sheria hiyo ina umri kupita watangazaji wengi. Inatajwa mara chache sana.

Wengine wanasema: maneno ni upepo. Sisi wa Uvira hatuwezi kusema hivyo. Mwanzo wa mwezi wa 10, 1996, makamu wa gavana wa Kivu Kusini, Lwabanji Lwasi Ngabo, aliwapa Banyamulenge juma moja waondoke. Hatusemi kama vita vilizaliwa na tangazo lile peke yake. Watu wenye silaha walikuwa wamekwisha kuvuka Ruzizi. Lakini neno la mukubwa si shauri la mutu anayekunywa pombe na wenzake. Askari analisikia kama amri, kijana asiye na kazi analisikia kama ruhusa. Mwezi uleule Uvira ilianguka, na tarehe 29 Askofu Mukubwa Munzihirwa aliuawa katika muji wa Bukavu.

Miaka miwili nyuma, mwezi wa 8, 1998, vita vya pili vilipoanza, Abdoulaye Yerodia, aliyekuwa karibu sana na Rais Kabila, aliwafananisha Watutsi na wadudu wa kufutwa. Tarehe 11 mwezi wa 4, 2000, hakimu wa Ubelgiji alitoa hati ya kumukamata. Wakati ule Yerodia alikuwa waziri wa mambo ya inchi za kigeni. Kongo ikapeleka Ubelgiji mbele ya Korti ya Kimataifa ya La Haye, na tarehe 14 mwezi wa 2, 2002, Kongo ikashinda. Lakini ilishinda nini? Korti ilisema kama waziri wa mambo ya inchi za kigeni, akiwa katika kazi, hawezi kukamatwa na hakimu wa inchi ingine. Haikusema kama maneno yake yalikuwa mazuri ao halali. Habari ikitolewa kwa kichwa tu, «Kongo imeshinda», mwenye kusikia atadhani matusi yamesafishwa. Tazama ginsi habari ya kweli inavyoweza kufundisha uongo.

Tena mambo haya hayakwisha na wazee. Tarehe 8 mwezi wa 12, 2022, Umoja wa Ulaya ulimutia Justin Bitakwira, mwanasiasa wa hapa Uvira, zamani depite na waziri, katika orodha ya watu waliowekewa vikwazo, ukimushitaki kuchochea chuki juu ya Banyamulenge. Na sisi wa Uvira tuliungojea Umoja wa Ulaya uanze kuliona jambo hilo!

Tunajua neno moja musomaji wetu analotaka kutuambia, na ana haki. Mutu wa Makobola atauliza: «Na wafu wetu?» Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 waasi wa RCD waliua mamia ya watu kule. Mutu wa Mutarule atatukumbusha usiku wa tarehe 6 mwezi wa 6, 2014, Bafuliru zaidi ya 30 waliouawa, wengine wakiwa katika sala. Ndiyo, sherti yasemwe, tena yasemwe yote. Lakini mwandishi aandike jina la kikosi, jina la kamanda, siku na mahali. Akiandika jina la kabila mahali pa jina la muuaji, basi muuaji ameponyoka, na mutoto wa shule amepata deni lisilo lake. Wale waliolala katika kambi ya Gatumba, ngambo ya mupaka, tarehe 13 mwezi wa 8, 2004, wakimbizi Banyamulenge zaidi ya 150 waliouawa kwa risasi na kwa moto, walikuwa wamelipa deni la namna hiyo.

Kuna na faida ingine ambayo mwenye matusi haioni. Yule anayetaka kuvusha askari mupakani anatafuta sababu, na depite wetu anamupa bure. Wakati M23 walipoingia Uvira mwezi wa 12, 2025, wenyeji wa kila kabila walikimbia.

Je, redio inyamaze? Hapana. Neno likinyamazwa redioni linatembea katika simu, tena bila jibu. Mutaguso wa Vatikano wa pili, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulisema kama watu wana haki ya kupata habari, na habari iwe ya kweli, yenye kushika haki na mapendo. Kwa maoni yetu, sauti ya mukubwa isipigwe namna ilivyo. Mutangazaji aseme kwa maneno yake mwenyewe: fulani ametukana kabila fulani, sheria inakataza, jambo alilolisema si kweli kwa sababu hii na hii. Kisha arudi kwake juma linalofuata kumuuliza. Kurudi huko ndiko kunakokosa zaidi.

Burundi, mwaka 1995, wakati Bujumbura ilipokuwa inagawanyika mutaa kwa mutaa, Studio Ijambo ilianzishwa, na ilituma Muhutu na Mututsi pamoja katika habari moja. Kila mumoja alisikia yale ambayo mwenzake peke yake asingeambiwa.

Sisi tumeanza na ubao wa habari wa hapa nyumbani, wawili wawili. Mwenzetu wa Minembwe amekubali kuandika. Aliomba jambo moja: habari ya Mutarule aiandike yeye, na ile ya Gatumba iandikwe na Mufuliru.