Kiazi cha Ceropegia Kinavyoiokoa Edithcolea

Ikipandwa chunguni, Edithcolea grandis huuawa zaidi na kuoza kuliko kiu. Kwao ni nyika kavu za Somalia, Ethiopia, Kenya na Tanzania, ambako mashina yake manene yenye meno makali hutambaa chini ya vichaka. Ua lake hufikia sentimita 10 kwa upana, la manjano lililojaa madoa mekundu meusi. Lakini maji yakizidi kidogo tu mizizi huoza, na uozo hupanda ndani ya shina kabla mtu hajauona.

Wakulima wa mmea huu walipata jibu kwa ndugu yake, Ceropegia woodii, mmea wa kuning'inia wenye mashina membamba kama uzi, ambao mtaalamu wa mimea John Medley Wood aliukuta Natal mwaka 1881. Kwenye vifundo vya shina lake hutunga viazi vidogo, palepale hewani. Kiazi hicho huweka maji, hustahimili makosa ya umwagiliaji na, kikiguswa na udongo, huota mizizi.

Basi kiazi chenye mizizi hukatwa juu kwa wembe safi, kipande cha Edithcolea kisicho na doa la uozo, yaani kikonyo, hukatwa vilevile, majimaji hufutwa, na kikonyo huwekwa juu ya kiazi, mkato kwa mkato. Hapa ndipo kazi inapoharibikia mikononi mwa wengi. Ndani ya kila mkato kuna duara hafifu la mishipa ya maji. Maduara hayo yasipogusana, hata kwa upande mmoja, kikonyo hukauka juu ya kiazi kizima. Kwa kuwa hayalingani ukubwa, kikonyo husogezwa pembeni badala ya kuwekwa katikati. Kisha hubanwa kwa mpira mwembamba, chungu kikakaa kivulini penye joto, na mkato usiguswe na maji hadi ushikane. Machipukizi ya kiazi hukatwa kila yanapotokea, la sivyo chakula chote huishia huko.

Undugu ndio unaowezesha yote haya. Mwaka 2017 mtaalamu wa mimea Peter Bruyns na wenzake walipendekeza hata Edithcolea iingizwe ndani ya jenasi ya Ceropegia, ingawa si wote waliokubali.

Kwangu, ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba kipande kimoja cha mmea uliokwisha kulimwa kinatosha kuzaa mingine. Ukiikuta Edithcolea nyikani, tafadhali usiing'oe.