Malipo ya Uchunguzi Katika Chuo Kikuu

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo lapasa kukumbukwa kila inapoulizwa kwa nini mwalimu mmoja wa chuo kikuu hushika uchunguzi, na mwenziwe, mwenye elimu ileile, huuweka kando. Jibu la haraka ni mshahara, nalo lina ukweli. Katika miaka ya 1980, thamani ya shilingi ya Tanzania iliposhuka, walimu wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilazimika kutafuta riziki nje ya kazi yao. Lakini mshahara peke yake hauelezi jambo lote, kwa maana kazi kubwa za Kiswahili hazikufanywa na matajiri.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yatosha kuwa mfano. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya akishirikiana na W. E. Taylor, mwaka 1940 William Hichens akayachapisha, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya malenga huyo. Hiyo ni kazi ya karibu miaka 100. Mfano wa pili ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotoka miaka 17 baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuanzishwa. Jaladani mna jina la Taasisi, si la mtu.

Hapo ndipo penye ila. Vyuo vikuu vingi humpandisha mwalimu cheo kwa idadi ya maandishi yake yaliyochapishwa. Utaratibu huo una faida: humzindua mvivu, na huzuia cheo kutolewa kwa upendeleo. Walakini huhesabu bila kupima. Aliyelinganisha miswada ya utenzi mmoja kwa miaka mitano ana andiko moja. Aliyeikata tasnifu yake vipande vitano ana matano. Basi mwenye kutaka cheo hufuata njia ya pili, na mwenye kuipenda kazi huonekana mzembe.

Wako wasemao kwamba mapenzi ya elimu yatosha, kwa kuwa Mwalimu Sikujua hakuwa na cheo cha chuo. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Mapenzi huianzisha kazi; kuimaliza kwahitaji nafasi, na mwalimu mwenye mamia ya karatasi za mitihani hana nafasi hiyo.

Yafaa, basi, uhariri wa miswada na utungaji wa kamusi upimwe na mabingwa wa fani hizo, kila mshiriki atajwe pamoja na sehemu aliyoifanya, na likizo ya uchunguzi isigeuzwe kuwa nafasi ya kufundisha zaidi. Vyeo vyaweza kungoja vikao. Wazee wajuao maneno ya lahaja zao, na miswada iliyomo majumbani Lamu na Pate, haviwezi kungoja.