Acha kukiuliza kivinjari jina lake

Kuna kipande cha JavaScript ambacho kila anayejifunza kutengeneza tovuti hukutana nacho mapema. Kinasoma `navigator.userAgent`, yaani maneno ambayo kivinjari hutumia kujitambulisha, kisha kinaamua: kama ni Safari, panga ukurasa hivi, kama ni Chrome, panga vile. Ukikiona unadhani ni ujanja. Mimi naona ni moja ya tabia mbaya tunazorithishana, na imeshanigharimu.

Wakati wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilitengeneza dodoso la mtandaoni. Nilitaka kila swali lijaze skrini, kwa hiyo nikaweka urefu wa `100vh` na kuzuia ukurasa usisogezwe. Nilishasoma kwamba kwenye iPhone kipimo hicho huhesabiwa kana kwamba upau wa anwani haupo, hivyo sehemu ya chini huzama. Basi nikaandika: kama jina lina "iPhone", rekebisha. Nikalala usingizi mzuri.

Siku ya pili mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, nimejibu yote, sasa natuma wapi?" Simu yake ilikuwa Android. Kumbe Chrome ya Android nayo huhesabu vivyo hivyo, na kitufe cha "Tuma" kilikuwa chini ya ukingo wa skrini. Yeye alipiga simu. Waliokata tamaa kimyakimya siwajui hata idadi yao, na hapo ndipo penye uchungu: sampuli yangu ilikuwa inaelemea kwa wenye kompyuta, bila data yenyewe kuonyesha dalili yoyote.

Tatizo la kuuliza jina ni kwamba jina lenyewe ni la kuazima. Chrome hujitambulisha kwa maneno yenye "Mozilla" na "Safari" ndani yake. Edge huongeza na "Chrome". Sababu ni sisi watengenezaji: tovuti zilikuwa zinawapa kurasa nzuri wenye majina fulani tu, kwa hiyo kila kivinjari kipya kikavaa majina ya waliotangulia. Mwaka 2009 Opera ilipofika toleo la 10, tovuti kadhaa zilisoma tarakimu ya kwanza tu zikadhani ni toleo la 1. Opera ikalazimika kuendelea kujiita 9.80. Yaani programu ilidanganya umri ili ihudumiwe.

Dawa inayofundishwa ni kuuliza uwezo badala ya jina. Mfano, `CSS.supports("height", "100dvh")` inauliza kama kivinjari kinakijua kipimo cha `dvh`, kinachofuata urefu unaoonekana kwa wakati huo. Safari ilikipokea katika toleo la 15.4 na Chrome katika 108, yote mwaka 2022. Hii ni bora zaidi, lakini tusiisifie kupita kiasi. Ningeuliza kuhusu `100vh`, simu ya yule mama ingejibu "ndiyo, nakijua", na kitufe kingebaki kimezama. Kukijua kipimo ni jambo moja, kukitafsiri kama ulivyotarajia ni jambo lingine. Ndiyo maana wakati mwingine inabidi upime: `getBoundingClientRect()` inakuambia kitufe kimeishia wapi, nawe unalinganisha na `window.innerHeight`.

Nakubali, zipo hitilafu za toleo moja mahususi ambazo hakuna kipimo kinachozigundua, na hapo jina litasaidia. Lakini hiyo iwe njia ya mwisho, tena iandikiwe maelezo ya kwa nini ipo.

Na mara nyingi hata JavaScript yenyewe haihitajiki. Ndani ya CSS andika `height: 100vh;` na mstari unaofuata `height: 100dvh;`. Kivinjari kisichoujua mstari wa pili kitauruka na kubaki na wa kwanza, bila ugomvi. Kisha ruhusu ukurasa usogezwe. Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa hilo: ningeacha watu wasogeze ukurasa, yule mama angekiona kitufe mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujasambaza dodoso lako, azima simu mbili tatu za watu, jibu maswali yote, na uhakikishe umefika kwenye "Tuma".