Mgongo Uliopinda na Eksirei Mbili

Mzazi wa Karatina au Nanyuki anayegundua kwamba bega moja la binti yake limepanda kuliko jingine ana milango kadhaa ya kubisha: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Consolata Mathari, PCEA Tumutumu, au kliniki ya kairopraktiki jijini Nairobi. Katika baadhi ya kliniki za kairopraktiki duniani, mgonjwa huonyeshwa eksirei mbili, ya kabla na ya baada ya tiba, aone mgongo ulivyonyooka. Tuanze na picha hizo.

Mkunjo wa mgongo kwenda upande, yaani skoliosisi, hupimwa kwa njia ya John Cobb, daktari wa mifupa wa New York aliyeieleza mwaka 1948. Mpimaji huchora mstari kwenye pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa mkunjo, mwingine kwenye ile ya chini, kisha husoma pembe kati ya mistari hiyo. Kuanzia nyuzi 10, hiyo ni skoliosisi. Tatizo ni kwamba picha ileile ikipimwa mara mbili, majibu yanaweza kupishana kwa nyuzi 3 hadi 5. Basi mkunjo ulioshuka kutoka 28 hadi 24 huenda haujabadilika hata kidogo.

Kairopraktiki ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani, mwaka 1895. Chombo chake kikuu ni msukumo wa haraka kwenye kiungo, wa chini ya sekunde moja. Kiungo hulegea, na baadhi ya watu hupata nafuu ya maumivu. Lakini skoliosisi ya vijana si mfupa ulioteguka. Pingili hujisokota huku zikikua, mbavu za upande mmoja zikainuka. Ndiyo maana mtoto huambiwa ainame mbele, kipimo kinachobeba jina la William Adams, daktari wa London wa karne ya 19. Hakuna utafiti thabiti ulioonyesha kwamba msukumo pekee huzuia mkunjo huo kuendelea.

Kinachoweza kuubadili mfupa unaokua ni shinikizo la saa nyingi. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia vijana wenye mikunjo ya nyuzi 20 hadi 40. Waliovaa koti gumu la plastiki, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50; waliosubiri tu, asilimia 48. Waliolivaa takriban saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa kwa zaidi ya asilimia 90.

Kwa hiyo, kijana anayekua akiwa chini ya nyuzi 25, kwa kawaida hufuatiliwa kwa vipimo vya kila baada ya miezi kadhaa. Kati ya 25 na 40, huvaa koti. Akipita 45 au 50, upasuaji hujadiliwa. Kairopraktiki, kama fiziotherapia, inaweza kumsaidia mtu mzima anayeumwa mgongo. Ila mtoto mwenye homa, anayekonda, mwenye miguu dhaifu au kinundu mgongoni asisukumwe na yeyote kabla ya kuchunguzwa kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mzazi, kabla hujalipia kikao cha kwanza, uliza mambo mawili: mkunjo ni nyuzi ngapi, na mtoto amebakiza miaka mingapi ya kukua? Asiyeweza kukujibu, usimkabidhi mgongo wa mwanao.